Mama, Kompyuta Yako Sasa Inawaka Haraka

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku ya mazishi yako nilicheka.

Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, katikati ya Baba na Mama Mkubwa, nimejifunika uso kwa ile kanga yako ya kijani, na mabega yakawa yanatikisika. Akina mama wa nyuma wakanishika. Mmoja akaninong'oneza, "Lia mwanangu, lia uimalize." Sikuwa nalia. Mchungaji alikuwa anasoma wasifu wako, na alikuwa amefika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa mfugaji hodari wa nyuki, na kwamba ameacha wajukuu na vitukuu. Wewe, Mama. Wewe uliyemkimbia nyuki mmoja ukawaacha wateja peke yao dukani. Wewe ambaye mtoto wako ni mimi tu, na mimi niko kidato cha tatu. Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kuendelea, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye vioo.

Nilicheka kwa sababu nilikusikia. Nilisikia kabisa sauti yako ya dukani ikisema, "Unaona sasa? Marehemu hakopiwi." Kisha kicheko kikageuka kooni kikawa kitu kingine, na hapo nikalia kweli.

Wasifu ule ulitakiwa niuandike mimi. Baba alisema, "Wewe ndiye unayeijua mashine ya mama yako." Nikaenda na Ba'mdogo hadi Kaloleni, tukafungua duka lako la steshenari, nikabonyeza kitufe cha kompyuta. Ilianza kukoroma kama kawaida yake, krr, krr, kama panya anayetafuna gunzi, halafu ikakwama. Kile kiduara kilizunguka na kuzunguka. Ba'mdogo alitazama saa, akatazama mlango, akachukua karatasi niliyoiandika kwa mkono akaipeleka steshenari nyingine mjini. Huko walifanya lile ulilokuwa unalikataa miaka yote. Walifungua faili la marehemu mwingine, wakafuta jina lake, wakaweka lako na mambo yako machache, wakasahau kufuta nyuki.

Nataka nikukumbushe ulivyokuwa unafanya kazi yako, ingawa ni wewe uliyeifanya, kwa sababu bila hilo haya mengine hayatakaa sawa. Mtu akija kupiga kopi au picha za pasipoti, ulimhudumia amesimama. Lakini akija mtu amefiwa, ulimjua hata kabla hajasema, ukamvutia lile stuli lenye mto. Ukabonyeza kitufe cha kompyuta. Ukasema, "Inachelewa kuamka hii, tuvumiliane." Ukamimina chai kutoka kwenye chupa. Kisha ukauliza swali moja tu: "Alikuwaje?" Ukanyamaza.

Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya mashine ya fotokopi na kitabu changu, nikijifanya nasoma. Kompyuta ilikoroma, wao wakaongea. Wengine walianza kwa aibu, wakasema alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, basi. Wewe hukuandika, hukuitikia sana, ulitazama tu kioo cheusi kama mtu anayengoja maji yachemke. Hapo ndipo yalipokuja yale ya kweli. Mashine ilipofunguka, ulikuwa na mtu kamili mkononi, na ulianza kwenye ukurasa mtupu. Kila mmoja ukurasa wake. Nilidhani ni bahati mbaya tu kwamba mwandishi mzuri hivyo alikuwa na kompyuta mbovu hivyo.

Baada ya mazishi duka lilifungwa. Baba alikuwa anatoka shambani Usa River, kwenye mabanda ya maua, anakuja na harufu ya waridi na dawa, anakula, analala. Jina lako halitaji. Nikikutaja mimi, anaamka kwenda kuangalia mbuzi. Halafu likizo ilipoanza akasema mwenye chumba cha duka amepata mtu wa kuuza makava ya simu, na kwamba mashine ya fotokopi tutaipatia mnunuzi, ila kompyuta hata bure hakuna atakayeichukua. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, kwamba kompyuta inatengenezeka. Nilikuwa nimesoma. Unanijua, kitu kikinisumbua nakwenda maktaba. Baba akasema, "Haya. Likizo hii. Ikifanya kazi, utakuwa unafungua Jumamosi. Isipofanya, tunarudisha funguo."

Tukaipeleka kwa Fundi Rama, yule wa karibu na uwanja, uliyekuwa unampigia kopi vitambulisho vya wanawe. Aliifungua, akapuliza vumbi, akasikiliza ule mkoromo akiwa amefumba jicho moja.

"Mashine haina ubaya," akasema. "Kilichochoka ni diski. Toa hii, weka SSD, zile diski mpya zisizozunguka, mtadhani nimewabadilishia kompyuta."

Baba akakunja mikono. "Ng'ombe mzee ukimvisha viatu vipya, anakimbia?"

"Huyu siyo mzee, baba. Huyu amebebeshwa gunia la mahindi halafu mnamwambia apande mlima. Mtue gunia umwone."

"Na ukiongeza tu memori?"

"Unaongeza meza wakati mpishi amelala. Mpishi ni diski."

Baba karibu acheke. Akaniangalia mimi. "Wewe unasemaje, inafaa au haifai?"

Mama, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo na kungoja jibu. Nikasema nilivyosoma: kwamba kompyuta ikiwa na prosesa inayojiweza, na wewe kazi yako ni kuandika na kuprinti, kinachokuchelewesha mara nyingi ni diski inayozunguka, maana kila kitu lazima ipelekwe sindano ikakitafute. Kwamba mashine iliyokufa kabisa SSD haiifufui, lakini hii haijafa. Kwamba cha kuogopa si gharama, cha kuogopa ni kwamba diski ya zamani inaweza kufa kabla hatujahamisha vilivyomo. Fundi akamwambia Baba, "Umemsikia?" Baba alikunjua mikono.

Kisha Fundi akasema jambo ambalo sikulielewa siku ile. Alisema, "Mama yako nilimwambia haya zaidi ya mara moja. Alikataa. Aliniambia, 'Fundi, niachie hivyo hivyo, inanisaidia.' Nikajua ananitania."

Juu ya meza yake palikuwa na diski nyingine, ya mtu mwingine, imekufa na kufunuliwa. Akanisogezea. Mama, sikujua. Miaka yote nilisikia mkoromo nikadhani ndani kuna kitu kama mashine ya kusaga. Ndani kuna kioo. Sahani moja inayong'aa kuliko kioo cha kinyozi, haina hata alama, na juu yake mkono mwembamba wenye ncha ambayo, ikifanya kazi, haiigusi sahani. Inaelea. Nilisoma kwamba nafasi iliyopo hapo ni ndogo mno kuliko unene wa unywele, na sahani inazunguka upesi kiasi kwamba jicho linaiona imesimama. Niliinama nikaona uso wangu. Nikawaza kwamba juu ya sahani ya namna hii, kwa vijisumaku visivyoonekana, wamekaa watu wote uliowaandika.

SSD yenyewe nilipewa niishike. Ilikuwa nyepesi kuliko pakiti ya biskuti. Niliitikisa karibu na sikio, kimya. Humo hakuna kinachozunguka wala kinachoelea. Ni umeme uliofungiwa kwenye vijumba vidogo ajabu, ukaambiwa ukae, nao unakaa. Nilimwuliza Fundi, je, umeme ukikatika? Akasema, "Sisi tutakaa gizani. Wao hawana habari." Nilirudia sentensi hiyo moyoni njia nzima hadi nyumbani Tengeru.

Siku ya kuhamisha nilikaa pale kibandani kwa Fundi tangu asubuhi. Mlima ulikuwa wazi wote, hadi lile pengo la upande wa mashariki, na sikuutazama. Nilitazama mstari wa kijani uliokuwa unatambaa kwenye kioo. Diski yako ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Kila iliponyamaza Fundi aliacha kutafuna kijiti chake. Aliniambia tangu mwanzo, "Sikuahidi kitu. Imechubuka mahali. Inaweza kumaliza, inaweza kufia njiani." Mara moja mstari ulisimama kwa muda mrefu hata yeye akainuka akaenda kusimama mlangoni. Mimi nilibaki. Niliisemesha, Mama. Polepole, wasinisikie. Niliiambia imebeba watu mbali sana, imalizie tu kipande hiki.

Ikamaliza. Kuna picha chache za pasipoti zilizogoma, na ratiba moja ya harusi. Folda lako la wasifu lilivuka lote.

Fundi akafunga skrubu, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Nilibonyeza, nikageuka kuchukua chupa ya chai niliyokuja nayo, kwa mazoea, na nilipogeuka tena kompyuta ilikuwa imeshafunguka. Iko pale, imetulia, inaningoja. Hakuna krr. Nilidhani imeshindwa. Fundi alicheka sana. Alisema kila mtu hufanya uso huo mara ya kwanza, hata wazee wa makamo. Nikaizima nikaiwasha tena ili tu nione. Nikafungua ukurasa, ukaja. Nikaufunga, nikaufungua. Nakuambia ukweli, nywele zilinisimama. Mashine ile ile, kibodi yako ile ile yenye herufi A iliyofutika, na ndani yake kama amehamia mtu mwingine kabisa.

Siku chache za kwanza nilikaa dukani peke yangu nikisoma watu wako. Nilifungua mmoja mmoja, na kila nilipogusa jina, mtu alikuja papo hapo, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Yupo yule bibi wa Usa River uliyeandika kwamba aliogopa radi lakini hakuwahi kumwogopa mwenyekiti wa kijiji. Yupo mwalimu ambaye kicheko chake kilifika darasani kabla yake. Yupo dereva aliyepiga honi mara moja kila alipopita kaburi la mama yake, hata akiwa na abiria wenye haraka. Nilimaliza hapo nikashindwa kuendelea, nikatoka nje kukaa juani. Wengi wao wamezikwa kwenye mashamba yaliyogawanywa, wengine mashamba yenyewe yameuzwa. Na mimi nilikuwa nao wote kwenye kitu ninachoweza kukifunika kwa kiganja.

Jumamosi ya kwanza akaja Mzee Lomayani.

Ni mzee wa Kiarusha, wa upande wa Ngaramtoni, ana koti zito la kahawia na fimbo. Alisimama mlangoni akasoma kibao chetu taratibu. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba, nakerai, mwanangu. Nimeambiwa hapa kuna mama anaandika watu vizuri."

"Mama alifariki, Mzee."

"Pole. Mimi nimefiwa na mama watoto wangu. Basi umebaki wewe?"

Nikasema ndiyo, nimebaki mimi. Nikamvutia stuli lenye mto. Nikabonyeza kitufe, na kabla hajaegemeza fimbo yake ukutani ukurasa mweupe ulikuwa umeshafunguka, na ile alama ndogo ya kuandikia inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mama, ilinisukuma. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama karani anayegonga meza kwa kalamu. Nikaanza kuuliza. Jina kamili? Alizaliwa wapi? Alibatizwa usharika gani? Watoto? Yeye akajibu kama mtu aliyesimama dirishani na foleni nyuma yake. Nikaandika, nikaprinti. Karatasi ilitoka ya moto. Hata chai sikuwa nimempa.

Aliishika kwa mikono miwili, mbali na macho. Alisoma hadi mwisho. Akaigeuza kuangalia nyuma, nyuma palikuwa peupe. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Amekwisha?"

Hapo ndipo nilipomsikia Fundi Rama tena. Inanisaidia. Hukuwa unamtania, Mama. Ulijua kabisa mashine inaweza kuharakishwa. Ulihitaji ule muda ambao hakuna mtu anayeandika, ambao mfiwa anaongea kwa sababu tu kuna kitu cha kungoja, na wewe unatazama pembeni ili asione haya. Uliufanya ubovu kuwa sehemu ya kazi. Na mimi niliyekaa nyuma ya fotokopi nikisikia yote sikuona kitu.

Nikaizima kompyuta. Nikasema, "Mzee, samahani. Hii ilikuwa ya majaribio. Hebu tuanze upya, mashine hii inachelewa kuamka." Nikamimina chai. Nikakaa, nikatazama kioo cheusi, nikauliza, "Alikuwaje?"

Alikunywa nusu kikombe. Nje watu walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Nilitaka sana kuuliza swali la pili, nikajibana.

"Alikuwa anaongea na punda," akasema.

Nikangoja.

"Kabla ya kumbebesha mzigo. Anasimama mbele yake, anamwambia leo tunakwenda mahali fulani, njia ni mbaya pale mtoni, tutarudi jua likiwa hapa. Nilimcheka tangu ujana. Nikamwambia, wewe mwanamke, punda anaelewa maneno? Akaniambia hakuna kiumbe cha kubebeshwa bila kuambiwa kinakokwenda." Alicheka, akafuta jicho kwa kona ya koti. "Mwaka ule nimelazwa, akaja akakaa kitandani. Akaniambia, leo watakufanya hivi, kesho hivi, keshokutwa tunarudi nyumbani. Maneno yale yale. Nikasema, kumbe mimi ni punda. Akasema, ulikuwa hujui?"

Aliendelea hivyo hadi chai ya kikombeni ikaisha. Mwishoni akaelekeza kidevu kwenye kompyuta. "Bado haijaamka?"

"Bado kidogo, Mzee."

Alikuwa ameiona kwa macho yake ikiwaka ile mara ya kwanza. Akanisogezea kikombe nimwongezee.

Wasifu wa pili nilianza na punda. Alipousoma hakuugeuza kuangalia nyuma. Aliukunja, akauweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, akaniwekea mkono kichwani kama wanavyofanya wazee wa kwao, akaondoka.

Kwa hiyo swali la Baba, inafaa au haifai, nimelifikiria sana na nakujibu wewe kwanza. Inafaa, Mama. Bila hiyo watu wako wote wangekufa mara ya pili, na mimi ningekuwa natazama mtu akiuza makava ya simu pale ulipokuwa unakaa. Inawaka haraka na bado kila siku nashangaa. Ila kungoja ni juu yetu sasa, mashine haitufanyii tena. Nakuahidi kwamba akija aliyefiwa, itakuwa imezimwa. Nitasema inachelewa. Mungu anisamehe uongo huo, nadhani wewe utauelewa. Na hakuna mtu nitakayemwandika juu ya mtu mwingine. Kaa kwa amani hapo chini ya migomba, nitakuja Jumapili baada ya ibada nikupalilie. Nyuki nitawafukuza.

Nimalizie na kilichotokea jioni ile ile ya Mzee Lomayani. Baba alipitia dukani akitoka kazini, bado ana mabuti. Akasimama mlangoni pale pale aliposimama mzee. "Haya," akasema, "imefaa?" Nikabonyeza kitufe. Ikafunguka kabla hajavuta pumzi ya pili. Alisogea, akainama, akaangalia nyuma ya kioo kama kuna mtu amejificha. "Ee bwana," akasema taratibu. Akatoa simu, akampigia mwenye chumba, akamwambia kile chumba bado ni chetu.

Mimi nikaizima kompyuta. Nikamvutia stuli lenye mto, akalitazama, akakaa. Nikamimina chai iliyobaki. Nikamwambia, "Inachelewa kuamka hii, Baba, tuvumiliane." Kisha nikakaa mahali pako, nikatazama kioo cheusi, nikamwuliza, "Mama alikuwaje?"

Alishika kikombe muda mrefu. Halafu akaanza kuongea.

Alipomaliza nikabonyeza kitufe, ukurasa ukaja mtupu, nikaandika jina lako.